Mwacheni Ale Mwenyewe

Vijana wawili waliomaliza chuo walinitembelea hapa kwangu Butiama. Wamepangiwa kazi, mmoja Bunda, mwingine Musoma, na tayari wameshaambiwa na wakubwa wao kwamba kitengo chao si cha lazima sana. Wakaniomba niwaandikie wao na wenzao maneno ya kuwatia moyo. Nikawaambia maneno ya namna hiyo sina. Nilicho nacho ni ubishi. Ubishi ndio ulioniweka kazini mpaka siku niliyostaafu, na kwa kuwa umebaki mwingi, nitawagawia.

Haya basi, wanangu, ni ya kwenu mnaoanza tiba kwa vitendo. Mtachoka kuieleza kazi hii. Mtu akivunjika mguu kila mmoja anajua aende wapi. Lakini ukimwambia jirani yako kwamba kazi yako ni kumsaidia mtoto mwenye ulemavu aweze kula, kuvaa, kuoga, kucheza na kwenda shule, atakutazama halafu akuulize, "Kwani mama yake hayupo?" Pale hospitali ya Musoma chumba changu kilikuwa na mipira, vikombe vya plastiki na mkeka mkubwa, na wenzangu wa wodini waliniitaga Mama Michezo. Nesi mmoja alikuwa akipita mlangoni ananiuliza leo nimefunga magoli mangapi. Nilimjibu kila mara kwamba nimefungwa, na ndiyo ilikuwa kweli. Mtoto akiusukuma mpira kwa mkono ambao jana ulikuwa umekunjwa kifuani, huyo kanifunga.

Wenzetu wa fiziotherapia huuliza mkono una nguvu kiasi gani. Sisi tunauliza mkono unataka kufanya nini. Mkilishika hilo mmeshajua nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwenye nyumba za watu, na huko ndiko mtakakoambiwa msiende.

Mimi nilianzia Bunda, chini ya mama mmoja aliyeitwa Bi Tekla. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kunisomea kitu kutoka kitabuni. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha kwenye stuli, akachukua kikombe cha uji na kijiko kikubwa, akasimama nyuma ya kichwa changu.

"Angalia juu, kwenye bati," akasema.

Nikaangalia. Akanimiminia uji mdomoni. Nikapaliwa mpaka machozi yakanitoka, uji ukanimwagikia kwenye koti langu jipya jeupe.

"Kumbe unapaliwa," akasema bila kucheka. "Na wewe ni mzima. Sasa mtoto ambaye shingo yake haitulii, analishwa amelala chali, unadhani uji unakwenda wapi?"

Jaribuni ninyi wenyewe sasa hivi. Inueni kidevu juu mmeze mate, mwone ilivyo shida. Kisha shusheni kidevu kidogo mmeze tena. Ndiyo sababu tunamkalisha mtoto wima, tunakaa mbele yake macho kwa macho, tunaleta chakula kutoka chini, kidogo kidogo, kizito kuliko chepesi. Ninyi mtasahau majina mengi ya misuli. Uji wa Bi Tekla mimi sijausahau.

Jingine alilonifundisha ni hili: usimpe mama amri yoyote mpaka umemwona akifanya kazi zake. Hilo nililisikia, nikaitikia, lakini maana yake niliipata Kiriba, kijiji cha kando ya ziwa, kwa Nyasinde. Habari zake ndizo ninazotaka mzijue.

Nyasinde aliletwa kwangu Musoma akiwa amebebwa mgongoni na bibi yake, mama mzaa baba, mwanamke mrefu aliyeitwa Nyamisana. Alikuwa amefikia umri wa kuanza shule, ila umbo lake lilikuwa la mtoto mdogo zaidi. Alikuwa na mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Misuli ilimkaza, miguu ikapishana kama mkasi, mkono wa kushoto umekunjika kifuani. Mkono wa kulia ulifunguka, lakini ulikwenda unakotaka wenyewe. Walikuwa wamekuja kwa sababu ya kifua. Alikohoa mwaka mzima, na kila mvua zikianza alilazwa. Nilimweleza yule bibi namna ya kumlisha, nikamwonyesha, naye akaitikia kwa adabu. Hawakurudi tena.

Nikamwomba mkuu wangu wa kitengo ruhusa ya kwenda kuwatazama.

"Mama Mafuru, kazi yako iko ndani ya chumba hiki," akasema. "Wagonjwa wasiokuja hawatuhusu."

"Hao ndio wanaotuhusu. Wanaokuja wameshapata nauli na njia."

"Hakuna gari."

"Sikuomba gari, mkuu. Nimeomba ruhusa."

Alinipa siku moja, nadhani ili nimwondokee ofisini. Nikaichukua, na baada ya hapo nikawa nazichukua nyingine bila kuomba. Siwafundishi hivyo mimi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofika Kiriba nilimkuta Nyasinde amelala kwenye mkeka chini ya upenu wa nyumba. Mama yake, Nyangeta, alikuwa ametoka ufukweni kuanika dagaa, ananukia dagaa mwili mzima, ana haraka. Baba yake, Magesa, alikuwa kambini visiwani anavua. Bibi Nyamisana ndiye aliyekuwa akimlisha mtoto, amemlaza kwenye paja, kichwa kikining'inia nyuma, uji unatiririka. Mtoto akakohoa. Bibi akampiga piga mgongoni kwa upole na kuendelea.

Mimi ni mtu wa Butiama, nyumbani tumekua tukisema jambo linapotukera. Nilitaka kuruka. Nikamkumbuka Bi Tekla, nikakaa chini kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha kulisha?" Bibi Nyamisana alisema hata sijavua viatu. "Watoto wote wa boma hili nimelea mimi. Huyu ningekuwa simlishagi vizuri angekuwa ameshakufa."

Na alisema kweli. Watoto wengi wa hali ile hawafiki umri ule. Nyasinde alikuwa hai kwa sababu ya paja lile na kijiko kile. Ukiingia kwenye nyumba ukaanza kuhesabu makosa, hutaona kwamba kuna mtu hajalala kwa ajili ya mtoto yule. Basi nikamwambia hivyo hivyo: kwamba mtoto yuko hai kwa sababu yake. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Kisha nikawauliza swali ambalo ningepaswa kulianzia kule hospitali, na ambalo nawaomba mlianzie kila mahali: mnataka mtoto aweze nini?

Nilitegemea waseme atembee. Wengi husema hivyo, wengine hulia. Nyangeta akasema, "Nataka akae. Nikiwa naanika dagaa akae pembeni nimwone, si kumwacha amelala huku nyumbani anatazama bati."

Bibi akasema, "Mimi nataka aache kukohoa."

Nikamgeukia Nyasinde. Bibi akaniambia nisihangaike, haongei. Nikamwuliza hata hivyo, "Na wewe Nyasinde, unataka kufanya nini?" Halafu nikafunga mdomo. Sikilizeni hapa, maana hili ni gumu kwenu vijana kuliko yote. Mtoto wa namna hii ukimwuliza, swali linaingia, jibu linatafutwa, mdomo unaandaliwa, na wakati huo wewe umeshauliza maswali mengine matatu na umeshaandika kwamba haongei. Nikakaa. Kuku wakapita. Nyangeta akataka kusema, nikamshika mkono. Uso wa mtoto ukajikunja, shingo ikageuka kushoto, na sauti ikatoka kama inavutwa na kamba.

"Da-gaa."

"Anataka kula dagaa," Bibi akasema.

Nyasinde akatoa mlio wa kukataa, mkono wa kulia ukaruka kuelekea ufukweni, ambako mabinti wa rika lake walikuwa wamechuchumaa wakichambua dagaa, wakitoa samaki wadogo waitwao furu waliochanganyika nao, wanaimba na kusengenya. Nyangeta akaweka kanga mdomoni. Mtoto hakutaka kula dagaa. Alitaka kazi.

Hapo ndipo nilipotupa mpango wangu wote niliokuja nao. Nilikuwa nimepanga vigingi vya mbao vya rangi, achomeke kwenye matundu. Vigingi nilivirudisha Musoma. Kuna dagaa ufuo mzima, mimi nahangaika na vigingi vya nini?

Kwanza ilibidi apate kiti. Chuoni tulifundishwa kutengeneza viti vya makaratasi: unakusanya maboksi, unayabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, unakausha juani, kinakuwa kigumu kama mbao. Tulikitengeneza na Nyangeta kwa unga wa muhogo, kikatoka kizuri, na mimi nikarudi mjini najisifu. Niliporudi kukiangalia nikaulizia kiti kiko wapi. Nyangeta akaangalia pembeni. Bibi Nyamisana akanionyesha mbuzi.

"Kimeliwa," akasema. "Alianza na mgongo, akaja kumalizia miguu. Unga ulikuwa mzuri."

Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona yule bibi akicheka. Kicheko kile kilinifungulia mlango kuliko mashauri yangu yote, kwa hiyo mbuzi yule nilimsamehe.

Kiti cha pili kilitengenezwa na fundi Shabani, seremala wa Musoma mjini, mtu wa vitanda na makabati. Nilimchukua tukaenda naye Kiriba akampime mtoto mwenyewe. Nilimwonyesha tunachotafuta: makalio yarudi nyuma kabisa, magoti yakunjike vizuri, nyayo zikanyage ubao, katikati ya magoti kuwe na kipande cha kuzuia miguu isipishane, na mbele kuwe na meza ya kufikia viwiko. Mtoto akikaa bila kukanyaga chochote, nguvu zake zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke, mikono haipati kitu. Fundi Shabani akapima, akakosea upana, akarudia. Akaongeza kingo ndogo kuzunguka meza ili vitu visidondoke, na alipomaliza akapaka vanishi, jambo ambalo mbuzi hawakulipenda.

Nyasinde akabebwa pamoja na kiti chake mpaka kwenye chanja cha kuanikia dagaa. Tukammwagia dagaa mezani. Siku za mwanzo alizisambaza tu. Mkono ukiona kitu unataka kukishika, unapaa. Nikamwonyesha Nyangeta namna ya kuegemeza kiwiko cha mtoto mezani kwanza ili mkono utulie, ndipo vidole vifanye kazi. Mabinti wakazoea kumwegemeza kiwiko bila kuambiwa, huku wanaendelea na umbea wao. Akaanza kutoa furu mmoja, halafu mwingine. Na alisikia umbea wote wa Kiriba. Maneno yakaanza kumtoka, maana sasa alikuwa na ya kusema.

Kukaa kuliwezekana. Kula ndiko kulikoleta vita.

Nilikuwa nimekuja na kijiko kilichozungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli ili kishikike. Nikahangaika nacho mpaka Nyangeta akaniambia taratibu, kama mtu anayemwonea mgeni huruma, "Dokta, hapa kwetu ugali hakuna anayekulaga na kijiko." Tukaacha kijiko. Ugali ni rafiki wa mtoto kama huyu. Unashikika, hauteremki, unasubiri. Tukaweka kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze, kiwiko mezani, kidevu chini. Tonge la kwanza lilikwenda sikioni. Mengine yalikwenda kwa kuku.

Bibi Nyamisana hakuweza kuvumilia. Alisimama na kuondoka, akarudi, akasimama tena. "Unamtesa," akaniambia. "Chakula anakiona, njaa anayo, na mimi mikono ninayo. Wewe una moyo gani?"

"Mama, siku mikono yako haipo?"

Akanipa mgongo kwa hasira. Nilijua nimemgusa pabaya, lakini sikulirudisha neno lile. Tukakubaliana hivi: matonge ya mwanzo ale mwenyewe, wakati njaa ni kali na nguvu zipo, kisha bibi amalizie, ila amlishe amekaa kwenye kiti, kutoka mbele. Hayo ndiyo mapatano ya kweli. Familia haikutii. Mnapatana nayo, kila mmoja anaachia kidogo.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa pale. Nyasinde alikuwa kwenye kiti chini ya upenu, ugali hadi kwenye nyusi, mchuzi kifuani. Akaingia baba yake mkubwa, Masatu, kaka yake Magesa, mzee wa kanisa, bado amevaa koti. Alikuwa mtu mwema. Nawaambia hilo mapema kwa sababu watakaowapinga hawatakuwa wabaya, watakuwa watu wanaompenda mtoto.

Akasimama, akatazama.

"Nani amemfanya mtoto wetu hivi?"



"Mama upo, shemeji upo, mtoto anahangaika na chakula mbele ya kuku. Watu wanapita hapo barabarani wametoka kanisani. Watasema ukoo huu umeshindwa kumlisha mtoto mmoja." Akanigeukia. "Dokta, tunakuheshimu. Lakini mtoto ni wa kwetu. Kuanzia leo hicho kiti kiondoke."

Nikafungua mdomo. Bibi Nyamisana akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Masatu, kaa chini."

"Mama, mimi nasema tu."

"Kaa kwanza. Mvua za mwaka huu huyu mtoto amelazwa hospitali mara ngapi?"

Masatu akafikiri. "Sijui, mama."

"Hujui kwa sababu hukuwahi kumbeba. Mimi ndiye nilikuwaga nambeba. Mvua zimeanza mpaka zimekatika, sijambeba. Kifua kimenyamaza."

"Lakini anajichafua, mama."

"Anajichafua, ananawishwa. Hata wewe ulijichafuaga, tena sana, na hakuna aliyeniambia nikuondoe machoni pa watu." Akavuta pumzi. "Mimi nilikataa kabla yako. Nilimtukana huyu dokta hapa hapa. Sasa nimeona. Mwacheni ale mwenyewe."

Wakati wote huo Nyasinde alikuwa akiendelea kula, maana kwake jambo kubwa lilikuwa sahani. Sasa akasimamisha mkono, akamtazama baba yake mkubwa. Tukamwona anaandaa neno. Tukasubiri wote, hata Masatu.

"Ba-mkubwa. Ka-ribu."

Mnajua kwetu. Mtu akikukaribisha chakula, akiwa mtoto au mkubwa, huwezi kusimama na koti lako ukaangalia pembeni.  Masatu akavua koti, akanawa, akavuta kigoda karibu na ile meza ya fundi Shabani, akamega ugali kwenye sahani ya Nyasinde. Hakusema tena habari ya kiti.

Nikadhani tumemaliza. Tulikuwa hatujaanza.

Nyasinde akataka shule. Mabinti wa kwenye chanja walianza darasa la kwanza, asubuhi ufuo ukabaki mtupu, naye akawa analia saa za shule. Nikaenda na Bibi Nyamisana kwa mwalimu mkuu. Alitupokea vizuri mpaka alipojua tumefuata nini.

"Mama, hii ni shule, si hospitali."

"Ndiyo maana tumemleta hapa. Hospitali ameshatoka."

"Sina mwalimu wa elimu maalumu. Darasa limejaa mpaka mlangoni. Je, akianguka?"

"Atainuliwa. Hawa wako wengine huwa hawaanguki?"

"Nitampigia simu mkuu wako."

Nikamtajia namba. Akapiga kweli. Kesho yake niliitwa, nikaambiwa nimeacha chumba cha kazi na kwenda kugombana na walimu ambao hawako chini ya wizara yetu. Nilisema sikugombana, niliomba nafasi ya mtoto ambayo sheria imeshampa. Nikapewa onyo, nikaondolewa kwenye chumba changu, nikawekwa mapokezi kupanga foleni. Chumba kikafungwa kufuli, mipira ikabaki ndani gizani. Miezi ile niliumia, sitawaficha. Kila mama aliyefika na mtoto mgongoni alinikuta mapokezi, ananiambia "Mama Mafuru, chumba kimefungwa," na mimi namwonyesha kwa mikono, pale pale kwenye foleni, namna ya kuvisha mtoto: mkono uliokaza ndio unatangulia kuingia kwenye shati, na ndio wa mwisho kutoka. Watu kwenye benchi wakawa wananyanyuka kutazama. Foleni ikawa ndefu zaidi. Mwishoni waliona afadhali wanirudishie chumba changu.

Kiriba nako mimi nilikuwa sipo, na ndiyo ilikuwa bora, kwa sababu vita haikuwa yangu tena. Bibi Nyamisana hakungoja jibu la mtu. Kila asubuhi kijana wa bodaboda alifunga kiti nyuma ya pikipiki, bibi akambeba mjukuu, wakafika shuleni, akakipanga kiti nje ya dirisha la darasa la kwanza. Nyasinde alifuata masomo kupitia dirishani. Mwalimu mkuu alimwambia aondoke, bibi akamwambia amekaa kwenye kivuli tu, na kivuli si darasa. Mwalimu wa darasa lile, binti mdogo aliyeitwa Rehema, mwenyeji wa Bunda, akawa anafundisha huku anajibiwa kutoka dirishani. Akiuliza herufi, darasa linanyamaza, halafu sauti inakuja imechelewa kutoka nje, na ni sahihi.

Siku mvua iliponyesha, Mwalimu Rehema alitoka, akakamata kiti upande mmoja. "Bibi, ingieni, mtoto analoa." Wakaingia. Mvua ikakatika, hawakutoka. Keshoye jina likaitwa kwenye mahudhurio pamoja na ya wengine. Mwalimu mkuu hakuniomba radhi na mimi sikumdai. Fundi Shabani alitengeneza kiti kingine chenye tundu kwa ajili ya chooni, na wanafunzi wakubwa wa kike wakapangiana zamu. Hilo la choo msilisahau kamwe. Watoto wengi hawaachishwi shule na masomo, wanaachishwa na choo.

Mnataka niwaambie alifaulu darasa la saba, akapata tuzo? Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Anaandika kwa kuegemeza kiwiko, herufi moja moja, na mtihani uliisha yeye akiwa bado katikati. Hakuongezewa muda. Nililalamika ofisi moja hadi nyingine, na wote walikubali kwamba nina hoja, na hakuna kilichobadilika. Hilo nawaachia ninyi. Msije kuniambia mmeshindwa kabla hamjajaribu.

Nyasinde sasa ni mwanamke mzima. Hatembei. Mkono wa kushoto bado umekunjika. Ana kiti cha magurudumu kinachokwama kwenye mchanga, na anauza dagaa na mama yake. Wateja wa Musoma na Bunda wanampigia simu, na asiyejua kumsubiri amalize neno anakata simu na kukosa dagaa nzuri.

Mwaka jana Bibi Nyamisana alifariki. Nilikwenda msibani nikiwa nimeshastaafu, nimevaa kanga kama wengine, sina koti wala cheo. Watu walikuwa wengi. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamekaa wakichambua mchele wa kuwapikia waombolezaji, na katikati yao alikuwapo Nyasinde, kiti kimesogezwa, ungo umewekwa mezani kwake, kiwiko kimeegemea, anatoa mawe na chuya. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia.

Akaja shangazi yake aliyeolewa mbali, binti wa marehemu, hakuwa amefika Kiriba miaka mingi. Alipomwona akaweka mkono kichwani.

"Jamani, huyu mgonjwa mnamfanyisha kazi siku kama ya leo? Mpelekeni ndani apumzike."

 Wanawake wawili wakaanza kunyanyuka, maana ni shangazi, na siku ya msiba watu hawabishani. Nilikuwa nimekaa karibu, na ulimi wangu mnaujua. Lakini nilimwona Nyasinde ameshaanza kuandaa neno.

"Sha-ngazi," akasema. "Si-umwi."

Akapumua. Shingo ikageuka, ikarudi.

"Bibi ya-ngu. Wa-geni wa-ngu."

Akaegemeza tena kiwiko, akatoa jiwe kwenye mchele, akaliangusha chini.

 Shangazi akakusanya kanga yake, akatazama mahali pa kukaa.

"Sogeza basi ungo," akasema, "na mimi nichambue."